Nyaya Hula Hata Treni Isipopita

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya reli Tanga, nilipita getini nikiwa nimeangalia juu. Nilikuwa nimeajiriwa kuwa fundi umeme wa treni, na kwa akili za chuoni niliamini kuwa treni ya umeme ni ile inayopita chini ya nyaya. Nikatafuta nguzo, nikatafuta nyaya. Nilichoona ni mapaa ya mabati yaliyoliwa na chumvi, kunguru wengi, na vichwa vya treni vya dizeli vimejipanga kwenye kivuli, vimelowa mafuta kila upande. Nikahisi nimekosea geti.

Mtu aliyenitoa ushamba huo ni Fundi Mhina, msimamizi wa mafundi umeme, Mbondei wa Muheza, mfupi, mwenye sauti ya chini ambayo ilikulazimu unyamaze ili uisikie. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akaniuliza natafuta nini angani. Nikamweleza. Hakucheka. Alinipandisha kwenye kichwa kimoja cha treni, akafungua mlango wa ubavuni na kunionyesha injini iliyokuwa kubwa kuliko chumba changu cha kupanga.

"Hii injini haizungushi gurudumu hata moja," alisema. "Inazungusha jenereta hili hapa. Jenereta linatoa umeme, umeme unashuka chini kwenye mota, na mota ndizo zinazovuta behewa. Kwa hiyo binti yangu, treni ya umeme unayoitafuta ndiyo hii. Tofauti yake ni kwamba inatembea na mtambo wake wa kufua umeme tumboni."

Rehema, ambaye sasa anakalia kiti changu, ndiye aliyeniomba niandike haya kwa ajili yenu mnaoanza. Vyeo sitavitaja, na mishahara pia sitaitaja. Hiyo mtaizoea kuilalamikia wenyewe bila msaada wangu. Nitaandika yale ambayo mimi ningependa kuyasoma siku ile niliyokuwa natafuta nguzo.

Nilikuwa mwanamke peke yangu katika karakana nzima. Ovaroli ya kwanza niliyopewa niliikunja miguu na mikono mpaka nikafanana na mtu aliyejifunika turubai. Wenzangu walikuwa na heshima, lakini kwa wiki za mwanzo kila nilipoinua spana mtu alijitokeza kunipokea. Fundi Mhina ndiye aliyekomesha jambo hilo. Alimwambia mmoja wao, bila kupandisha sauti, "Spana hiyo ni yake. Wewe yako umeiweka wapi?" Tangu hapo hakuna aliyenipokea kitu, hata vile vizito ambavyo kwa kweli nilitamani nipokewe.

Chombo nilichokipenda kuliko vyote ni mega, kisanduku cheusi chenye mpini wa kuzungusha kwa mkono. Mega inakwambia kama umeme unavuja kupita mahali usipotakiwa kupita. Tanga chombo hicho hakipumziki, maana hewa ya bahari inaingia kila mahali, na mota iliyolala nje wakati wa masika inaamka imelowa kama nguo ya kuanikwa. Ukiiwasha hivyo hivyo, unaiunguza. Inabidi uipime, uikaushe kwa joto, uipime tena. Fundi Mhina alinifundisha kuzungusha mpini kwa mwendo mmoja, bila papara, na kutoamini jibu la kwanza.

Kazi iliyotusumbua sana miaka hiyo ilikuwa ya kichwa kimoja kilichozimika kila kilipopanda mwinuko wa kuelekea Muheza. Dereva alikuwa akipiga simu ya kituoni kuomba msaada, kinavutwa kurudishwa, tunakipima karakana, kizima kabisa. Tulibadilisha kifaa hiki na kile. Wakubwa wakaanza kusema dereva ndiye mwenye matatizo. Mwishowe Fundi Mhina akasema tunakipima mahali pasipo pake: karakana reli imenyooka, ila kule mlimani kuna kona. Tukaomba kisimamishwe kwenye kona kali, tukaingia chini na mega yetu. Mshale ukaanguka, dalili kwamba umeme unavuja. Kwenye kona, fremu ilikuwa ikijipinda kidogo na kuubana waya mmoja uliochubuka. Karakana, kwenye reli iliyonyooka, waya ule ulikuwa unapumua na kuonekana hauna kosa.

Wakati wa chai ya saa nne Fundi Mhina alikuwa na mazungumzo yake mamoja, nasi tuliyajua kwa moyo. Kwamba mto Pangani unafua umeme pale Hale, na treni yetu inapita palepale Hale ikichoma dizeli iliyotoka ng'ambo kwa meli. Kwamba injini ya dizeli hunywa hata ikisimama stesheni kungoja ishara. "Hebu niambieni," alikuwa akiuliza, kikombe mkononi, "mtu na kisima chake uani anakwenda kununua maji ya chupa. Kuna akili hapo?" Tulikubaliana naye wote. Mimi nilikubali kuliko wote, kwa sababu bado nilikuwa na zile nguzo zangu kichwani.

Kisha ikaja miaka ambayo reli yetu ilikaribia kunyamaza. Mizigo ilihamia kwenye malori, mabehewa ya abiria yakasimama, na nyasi zikaota katikati ya reli mpaka mbuzi wa Pongwe wakapapenda. Fundi Mhina alistaafu katika kipindi hicho. Alikwenda kukaa Nguvumali na mkewe, Mama Agnes, na kila nilipopita kuwasalimia aliniuliza hali ya vichwa vya treni kimoja kimoja, kama mtu anayeulizia wajukuu. Mimi nilibaki kulinda betri zisife. Ni kazi ya kuchosha, lakini treni ziliporudi, vilikuwepo vichwa vya kuzivuta.

Baadaye serikali ikajenga reli mpya ya umeme kutoka Dar es Salaam, nikawa miongoni mwa waliochukuliwa kwenda kujifunza. Nilipangiwa kituo cha kupoza umeme mkoani Pwani tangu wakati wa majaribio. Hapo ndipo nilipopata nguzo zangu, za kutosha. Nilisimama chini ya waya wa treni siku ya kwanza nikampigia Fundi Mhina simu. Sikuwa na la maana la kumwambia. Nilimwambia tu, "Fundi, niko chini yake." Akasema, "Usiguse."

Kituo hicho ndicho kilichonifundisha gharama, jambo ambalo karakana hatukulijua. Nyumbani tunanunua luku, usipowasha taa hulipi. Mteja mkubwa kama reli halipi hivyo. Analipia umeme aliotumia, na pia analipia kile kilele cha juu kabisa alichofikia mwezi huo. Treni kadhaa zikiondoka kwa pamoja na zote zikapanda mlima, mshale unaruka, na kwa mruko huo wa dakika chache unalipa kama vile ulivuta vile mwezi mzima. Kwa hiyo fundi umeme mzuri wa reli lazima awe rafiki wa mpanga ratiba. Treni moja ikichelewa kidogo kuondoka ili nyingine imalize kilima, abiria hajui, ila ankara inajua. Wapo watakaowaambia umeme ni rahisi kuliko dizeli, wakaishia hapo. Waulizeni treni ngapi zinapita.

Swali hilo ndilo lililonirudisha Tanga. Iliundwa timu ndogo ya kuchunguza kama njia yetu ya zamani inaweza kuwekewa umeme, nami nikaitwa kwa sababu ni mtu wa huko. Kiongozi alikuwa Injinia Josephat, Mchaga wa Moshi, kijana kwangu lakini mtu makini. Naye aliitaka treni ya umeme kama mimi. Reli hiyohiyo inapita kwao. Tulianza kazi kwa furaha, kama watu wanaokwenda kupima kiwanja chao wenyewe.

Nilishauri tutundike vikombe kabla ya kupiga hesabu yoyote. Vikombe ni vile vya kaure vinavyoushika waya ili umeme usikimbilie kwenye nguzo. Tukatundika vingine Raskazone karibu na bahari, vingine Pongwe karibu na vumbi la chokaa na saruji, na vingine Muheza. Tukaviacha vipigwe na majira, kisha tukaenda kuvipima. Vya Muheza vilikuwa safi. Vya Raskazone vilikuwa na chumvi ambayo mvua iliiosha. Vya Pongwe ndivyo vilivyonikatisha tamaa. Vumbi na chumvi na umande vilishikana vikawa ukoko mgumu kama wa chini ya sufuria ya wali, hautoki kwa maji matupu. Umeme ungetambaa juu ya ukoko ule mpaka kwenye nguzo. Maana yake kipande kile chote kingetaka vikombe virefu zaidi, na watu wa kuviosha mwaka mzima, treni ipite isipite.

Tukaendelea. Umeme wa Hale, ule wa Fundi Mhina, hautoki mtoni ukaingia kwenye treni. Unaingia gridi ya taifa pamoja na mwingine wote, na reli ingeununua kwa bei yake kama mteja yeyote. Tena mto ukipungua wakati wa kiangazi, nao unapungua. Vingehitajika vituo vya kupoza njia nzima. Kila tulichoongeza upande wa gharama kilikuwa kitu cha kusimama pale siku zote. Upande wa pili tulikuwa na treni zilizopo, nazo zilikuwa chache.

Injinia Josephat alikuja mezani kwangu na karatasi zake, akavuta kiti.

"Bi Mwanahamisi, tukiandika treni za leo, umeme hauna faida. Tukiandika treni za baadaye, mizigo ikirudi kwenye reli, inakaa vizuri kabisa."

"Za baadaye zinatoka wapi?"

"Bandarini. Kina kimeongezwa, meli kubwa zinaingia. Mzigo upo, wewe mwenyewe unaona."

"Naona. Unatoka bandarini na nini?"

Akazitazama karatasi zake. "Malori."

"Basi tuandike malori."

"Tukiandika malori, nyaya hazitakuja. Na nyaya zisipokuja, nani atayaacha malori?" Hakuwa anasema uongo. Watu wenye akili wamejenga vitu kwa kufuata mawazo hayo, na vingine vimefaulu. "Wewe huitaki?" aliniuliza.

Nilimwambia naitaka tangu siku nilipoingia geti la karakana. Lakini niliwahi kukaa miaka nikilinda betri za treni zisizotembea, nikajua kitu kilichojengwa kikakosa kazi kinavyokufa. Dizeli ikikosa mzigo unaizima. Nyaya huzizimi, zitaoza na kuoshwa na kulindwa zisiibwe, na fedha hiyo itatoka kwenye fedha ya kukarabati reli yenyewe. Tulibishana mchana wote. Mwisho tuliandika hesabu zote mbili, ya treni za leo ikatangulia, ikifuatiwa na kile kinachotakiwa kutokea ili ile ya pili iwe kweli: kwanza reli na madaraja yatengenezwe, treni zipite kwa wakati wake, mzigo urudi, ndipo nguzo zisimamishwe. Injinia Josephat alitia sahihi kabla yangu. Kwa hilo namheshimu mpaka leo.

Ilibidi tueleze matokeo kwa wananchi, kikao kikawekwa kwenye ukumbi mmoja Nguvumali. Watu walijaa. Fundi Mhina alikaa safu ya mbele, amevaa koti lake la kanisani, fimbo katikati ya magoti. Nilijua kwa nini amevaa koti. Alidhani amekuja kusikia habari njema, tena kutoka kwa mwanafunzi wake.

Nilieleza habari ya kilele, ya vikombe vya Pongwe, ya vituo. Mtu wa nyuma akasema Dar wamepata, Dodoma wamepata, sisi tumekosa nini. Minong'ono ikaanza. Hapo Fundi Mhina akasimama, na kama kawaida yake aliposema ukumbi ukanyamaza ili umsikie.

"Mwanahamisi."

"Naam, Fundi."

"Mimi ndiye niliyekushika mkono nikakuonyesha jenereta. Sasa waambie hawa watu kwa mdomo wako. Tanga haistahili treni ya umeme?"

"Fundi, sikusema haistahili. Nimesema kwa treni tulizonazo leo, hapana, nyaya zitakula zaidi ya zinavyoleta. Lakini—"

Hakungoja. Aliinua mkono, si kwa hasira, kama mtu anayemzuia mwingine asimmwagie chai zaidi, akageuka akatoka. Fimbo yake ilisikika hadi nje. Nilimaliza kueleza sehemu ya pili, ila sidhani kama waliobaki walinisikiliza, na mimi mwenyewe sijui nilisema vipi.

Baada ya hapo nilikuwa mwanamke aliyewanyima watu treni. Mama anayeuza vitumbua karibu na kwangu aliniambia hivyo huku akinifungia vitumbua, na akaniongeza kimoja, kwa hiyo sikujua kama amekasirika. Hayo niliyaweza. Lililonishinda ni Fundi Mhina. Nilikwenda kwake, Mama Agnes akanipokea kwa upole, akaniletea maji, akasema mzee amelala. Nilisikia redio ikipunguzwa chumbani. Nilikwenda tena, amelala tena. Nilikuwa nimesema kweli, nami nilijua hivyo, na haikunisaidia hata kidogo nilipokuwa nimekaa kwenye lile kochi nikinywa maji nisiyoyataka. Nikistaafu nitafute nini, nilijiuliza, kama mtu aliyenifundisha kazi yenyewe hataki kusikia nilivyoifanya?

Taarifa yetu ilipokelewa. Njia yetu ikabaki ya dizeli, na mafundi wa reli wakaanza kubadilisha mataruma mabovu yanayolalia chini ya reli upande wa Muheza. Mimi nikastaafu, nikakatiwa keki, nikapewa saa ya ukutani.

Siku moja simu ya Mama Agnes ikanipigia, ila sauti haikuwa yake.

"Nataka kuiona," alisema Fundi Mhina. "Hiyo ya Dar. Macho haya hayatangoja sana."

Sikumwuliza lolote. Tulipanda basi asubuhi, Mama Agnes akatufungia mikate ya kumimina. Njia nzima hadi Dar tuliongea habari za bei ya vitunguu na magoti yake. Kesho yake tukakata tiketi za Morogoro. Alitaka kiti cha dirishani, nami nikakaa upande wa sikio lake zima, maana lile jingine lilibaki karakana zamani.

Treni ilipoondoka hakujua kuwa imeondoka. Alikuwa akingoja mngurumo. Alipoona nguzo zinarudi nyuma alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, akakaa hivyo hadi tukaipita Pugu. Nilimwacha. Baadaye akauliza bila kunitazama.

"Ikishuka mlima inafanyaje?"

"Mota zinageuka jenereta, Fundi. Zinaizuia treni, na umeme unaotoka unarudi kwenye waya."

"Sisi ule tulikuwa tunauchoma juu ya paa, unakuwa joto tupu." Akatikisa kichwa. "Unarudi ukaenda wapi?"

"Kwa treni nyingine inayopanda wakati huo. Inautumia."

"Na kama hakuna inayopanda?"

"Basi faida yake inapungua sana."

Treni ya kutoka upande wa pili ikatupita kwa mshindo mmoja wa upepo, madirisha yake yote yana vichwa vya watu. Akaligeukia behewa letu, akatazama viti mbele na nyuma. Hapakuwa na kilichokuwa wazi.

"Wamejaa," alisema.

"Wamejaa."

"Hawa ndio wanaolipa nyaya."

"Ndio hao, Fundi."

Tulikuwa tunakaribia Ruvu. Alifungua mkate, akaukata, akanipa kipande kikubwa.

"Sisi tungewatoa wapi? Watu, na mizigo?"

"Ndiyo sehemu ya pili ya ile taarifa. Tuliandika kitu gani kianze na kipi kifuate, kuanzia reli na madaraja mpaka nguzo zisimame Tanga."

"Hukusema pale ukumbini."

"Nilisema. Ulikuwa umeshatoka."

Alitafuna polepole, akapangusa makombo kwenye suruali. Nilidhani atageukia dirisha tena. Badala yake alisogeza sikio lake zima karibu yangu na kuiegemeza fimbo yake kwenye kiti cha mbele.

"Basi sema sasa," alisema. "Anza na reli na madaraja. Sitoki."